Ufunguo wa Choo Namba Mbili

Miezi saba nililinda nyasi.
Hapakusimama hema hata moja,
na huku Lang'ata, kando ya ua wa mbuga,
nilisikia jiji likipumua kupitia kitambaa.

Ngiri walihamia jikoni.
Tumbiri walijifunza kufungua mfereji,
hawakujifunza kuufunga.
Choo namba moja kilitwaliwa na nyuki.
Bwana Shikanda aliponikata mshahara nusu
nilimwambia kwa simu: basi nitafagia nusu ya kambi.
Akacheka. "Kerubo wewe."
Nikafagia yote.

Leo wanarudi.

Nimechora miduara kumi na miwili kwa chokaa,
duara moja hema moja, hatua sita katikati,
hatua zangu, na mimi ni mfupi,
kwa hiyo nimeongeza ya saba.
Langoni nimetundika kibuyu chirizi:
mtungi wa lita tano, kamba ya katani,
kijiti cha kukanyagia,
sabuni ndani ya wavu wa vitunguu
tumbiri asiibebe. Ameshaibeba mara mbili.

Wanatoa paji la uso.
Kipimajoto kinasema thelathini na moja nukta mbili.
"Kulingana na hiki," namwambia baba mmoja wa Buruburu,
"wewe ni maiti tangu jana. Ingia."
Mkewe hacheki. Anaitazama kalamu
iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari la wageni,
kalamu moja, mikono yote ya Nairobi,
kisha anatoa yake mkobani.

Godoro limeanikwa? Nani alilala hapa mwisho?
Choo kinaoshwa mara ngapi? Kwa dawa gani?
Nionyeshe chupa.
Namwonyesha. Anainusa juu ya barakoa.

Choo kilichobaki ni namba mbili,
ufunguo wake nimeuvaa shingoni.
Akitoka mgeni, nafuta kitasa. Akiingia mwingine, nafuta tena.
Rangi imetoka kitasani,
ngozi imetoka vidoleni.

Hakuna aliyeniuliza kama naogopa.
Nami sikuwauliza: mlipitia wapi, mlimzika nani,
nani kati yenu aliipoteza ladha ya chai wiki hii
akanyamaza, safari isije ikaahirishwa?
Mgeni huulizwa njaa. Haulizwi homa.

Wala hawakuuliza juu ya fisi.
Wana dawa ya viganja mfukoni
na mifupa ya kuku mlangoni pa hema.
Zoeni hiyo mifupa, niliwaambia.
Miezi saba njia hii ilikuwa yake,
hanawi, na chokaa hajui kuisoma.

Saa tano usiku, kikohozi.
Hema la nne.
Kikavu, mara tatu.
Zipu zikapanda, moja baada ya nyingine,
kambi nzima ikajifunga kama mkoba.
Mtoto akauliza, "Mama, ni nani huyo?"
na sauti yake ikakatwa na kiganja.

Nilisimama na tochi, barakoa kidevuni.
Nikaipandisha.
Nilimkumbuka dada yangu Moraa, kule Kawangware,
alivyokohoa siku ya kwanza,
na majirani walivyohamisha kamba zao za nguo.

Nikachemsha maji. Nikaponda tangawizi.
Nikaweka kikombe juu ya jiwe, ukingoni mwa duara,
nikarudi nyuma hatua sita.
Ya saba.

Mkono ukatoka. Yule mama wa kalamu.
"Ni moshi tu," akasema. "Wallahi ni moshi."
"Najua," nikasema,
na sikujua.

Alfajiri duara la nne lilikuwa na unyayo mpana,
chokaa imeburutwa hadi kwenye ua.
Mifupa haikuwepo.
Kikombe kilikuwa palepale juu ya jiwe,
kimeoshwa, kimeinamishwa, kikavu.

Nikakiosha tena.